Friji Halinunuliwi kwa Macho

Wanachuo wenzangu, boom likiingia kila mtu ana lake. Wapo wanaokimbilia simu mpya, wapo wanaolipa madeni ya dukani kwa Mangi, na tupo sisi tuliopanga mtaani, ambao wiki hiyo mazungumzo yetu ni vitu vya ndani: godoro, feni, mtungi wa gesi na friji. Makala hii ni ya hilo la mwisho. Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni, ili hata atakayeishia aya ya kwanza asitoke mikono mitupu: bei unayotajiwa dukani ni sehemu ndogo ya bei ya friji, na anayenunua kwa kuangalia ukubwa na mng'ao atalipa iliyobaki kidogo kidogo. Sisi tulilipa. Na hasara yetu haikuishia kwenye hela.

Tunaishi watatu, nyumba ya kupanga Changanyikeni. Mmoja wetu ana kisukari, kile cha kuchoma sindano kila siku, tangu akiwa shule ya msingi. Mwaka wa kwanza alikaa hosteli, na insulini yake alikuwa anamwekea mama wa kantini kwenye friji, katikati ya soda na samaki. Jumapili kantini ikifungwa, dawa nayo imefungiwa. Tulipohamia mtaani, kitu cha kwanza tulichokubaliana kuchangia kilikuwa friji. Si kwa ajili ya juisi, ingawa juisi tuliitamani pia.

Mwishoni mwa Januari tukachanga laki moja na ishirini kila mmoja, tukaenda Kariakoo. Kwenye duka moja la vitu used tukakutana na friji la milango miwili, refu kuliko mimi, jeupe, lina hadi droo ya mbogamboga. Muuzaji hakupata shida na sisi. "Mzigo wa Ulaya huo, dada zangu. Chuma. Siyo haya mapya, mepesi kama ndoo." Akafungua mlango, baridi ikatupiga usoni. Laki tatu na nusu. Kirikuu elfu ishirini, ikabidi tuongeze kumi mfukoni. Tukalilaza chali lisianguke njiani, tukafika nyumbani, tukalichomeka hapo hapo, tukapiga picha.

Ukihesabu makosa katika aya hiyo moja, utapata yasiyopungua manne. Ngoja niyataje moja moja, kwa sababu nina hakika wengi wenu mnayafanya.

La kwanza ni ile baridi ya dukani. Friji lililowashwa tangu asubuhi bila kitu ndani, hata likiwa bovu nusu, litakupuliza ubaridi ukifungua. Hilo halikwambii litachukua muda gani kupooza maji ya moto wa Dar, wala kama linajua kujizima likishafikia baridi yake. Friji zima linafanya kazi kwa zamu: kompresa inawaka, inapoza, inazima, inapumzika. Lisilozima ni gonjwa. Hatukusubiri kulisikia likizima, kwa sababu kirikuu ilikuwa inatungoja.

La pili ni kulilaza na kuliwasha papo hapo. Ndani ya kompresa kuna oili. Ukililaza friji, oili inatiririka kwenda kwenye mabomba ambako haitakiwi. Ukiliwasha kabla haijarudi, mashine inazunguka kavu. Friji lisafirishwe limesimama; likilazwa kwa lazima, lisimame saa kadhaa kabla ya kuchomekwa, na likilazwa muda mrefu, lipumzike hadi kesho yake.

La tatu ni kulichomeka ukutani bila gadi. Umeme wetu tunaujua: unakatika, unarudi, unakatika tena kabla hujawasha mshumaa. Kompresa ikizimwa ghafla, gesi ndani bado ina msukumo mkubwa upande mmoja. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, mota inajaribu kuzunguka na kushindwa, inavuta umeme mwingi na kuchemka. Ikirudia hivyo mara nyingi, inaungua. Gadi ya friji inachelewesha umeme kwa dakika kadhaa mpaka msukumo utulie, na inakata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno. Ni kiboksi kidogo, bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa, na sisi tulikiona hapo hapo Kariakoo tukasema tutarudi.

La nne ndilo sikuwa nalijua kabisa, na ndilo lililonifanya niandike. Ndani ya kila friji, aghalabu ubavuni karibu na droo ya chini, kuna kibandiko. Kwenye kibandiko hicho kuna herufi inayoonyesha friji limetengenezwa kwa joto gani la chumba. SN ni kuanzia nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Sasa fikiria chumba cha bati Changanyikeni, mwezi wa pili, saa nane mchana. Nyuzi 32 tunazipita tukiwa bado tunatafuta kivuli. Friji letu lilikuwa N. Muuzaji hakudanganya aliposema ni la Ulaya. Ulaya ndiko lilikotakiwa kubaki.

Februari nzima halikuzima hata mara moja. Tulidhani ndiyo bidii yake. LUKU ikaanza kutukimbia: elfu kumi, ambayo kwa mita yetu ni yuniti 28, ilikuwa haimalizi wiki mbili. Tukalaumiana kuhusu pasi. Usiku mmoja tukaamua kufanya kama wanasayansi: tukazima kila kitu tukaacha friji tu, tukasoma mita saa nne usiku, tukaisoma tena saa mbili asubuhi. Saa kumi, yuniti moja na nusu. Piga hesabu: kwa siku yuniti 3.6, kwa mwezi 108. Kwa shilingi 356 kila yuniti, ni zaidi ya elfu thelathini na nane kila mwezi, za friji peke yake. Kumbe tulikuwa na mpangaji wa nne asiyechangia.

Machi likaacha kupoza. Fundi wa kwanza akaja, akaligonga gonga, akasema gesi imeisha. Elfu sitini. Hapa nataka kila msomaji aweke alama: gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, gesi ile ile, miaka yote. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia wiki tatu za baridi, na wiki tatu ndizo tulizopata.

Fundi wa pili aliziba tundu, hilo namshukuru. Lakini akasema na themostati nayo imekufa, na ya aina hiyo hapa mjini haipatikani. Themostati ndiyo inayoamua friji liwake lini na lizime lini. Akaunganisha nyaya moja kwa moja. "Sasa litapoza mpaka mshangae," akasema. Kweli tulishangaa. Masika ilikuwa imeingia, hewa imepoa, na friji lisilojua kuzima likageuza kila kitu kuwa jiwe. Tulishangilia. Tulitengeneza ice cream za maziwa, tukawagawia watoto wa mama mwenye nyumba.

Insulini ilikuwa rafu ya juu, nyuma, mahali tulipopaona ni salama kuliko pote. Iliganda usiku mmoja. Alfajiri umeme ukakatika hadi mchana, ikayeyuka kabla mtu hajafungua. Alipoichukua ilikuwa dawa kama siku zote. Ambacho hatukujua sisi wawili, na yeye hakushuku, ni kwamba insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana vilevile. Joto inalivumilia kiasi, kuganda haivumilii.

Akaichoma siku mbili. Sukari ikawa inapanda. Akaongeza dozi kidogo, ikapanda. Siku ya tatu alikuwa anakunywa maji ndoo nzima, anatapika, anapumua kama aliyetoka kukimbia, na mimi nilikuwa nimeshika funguo zisizo za mlango wowote, nazunguka chumbani natafuta viatu ambavyo nilikuwa nimevivaa. Bodaboda haikufaa, tukaomba bajaji ya jirani. Hospitali daktari alipomaliza kumtundikia dripu akatuuliza swali moja: "Dawa mnaitunza wapi?" Tukasema kwa fahari, kwenye friji.

Alilazwa siku nne. Yuko salama, amerudi darasani, na amesoma makala hii kabla yenu akaniruhusu kuitoa mradi nisimtaje jina. Alikosa mtihani mmoja wa katikati ya muhula. Mwalimu wake alimwelewa. Si kila mwalimu angemwelewa.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja anayekaa na meza yake kituoni, ambaye tulimwendea kumuuzia lile friji kama chuma chakavu. Tulipomwamkia shikamoo na kumweleza mkasa, hakutaka hata kuja kuliangalia kwanza. Akauliza: "Mlisoma kibandiko, wanangu?" Yeye ndiye aliyetufundisha herufi zile. Alipokuja akatuonyesha na bomba la shaba kando ya kompresa, limekatwa na kuchomelewa upya kabla halijatufikia sisi. "Hili limeshapasuliwa zamani. Mlinunua mgonjwa aliyetoka theatre."

Sasa, najua kuna msomaji anasema: huyu dada anatukataza mitumba wakati yeye mwenyewe anavaa mitumba. Sikatazi. Shati la mtumba halina bili ya umeme. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwa na LUKU. Na wale wanaosema mafriji ya zamani ni magumu, wanaona yaliyobaki hai tu. Yaliyokufa hayapo kuhesabiwa, yamegeuzwa kabati la vitabu kwenye mageto yenu.

Na tujiulize kwa nini haya mazee yanakuja kwetu. Huko yanakotoka, sheria za matumizi ya umeme zinazidi kubana, na kulivunja friji kukuu kwa utaratibu ni gharama, kwa sababu gesi yake lazima ivutwe isitoroke hewani. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yakaingiza na zile zinazoongeza joto la dunia, ikiwemo R134a, ambayo mafriji mengi ya mtumba bado yanayo. Mzigo mzee unatafuta mlango. Ghana walishaliona hilo, wakapiga marufuku uingizaji wa mafriji yaliyotumika, marufuku ikaanza kutekelezwa 2013. Sisemi tuige kesho asubuhi, maana duka la mtumba ndilo la maskini. Nasema tukubali kwamba mtu akikupa kwa laki tatu kitu ambacho mwenzake angelipia kukitupa, wewe ndiye unayebeba gharama ya kukitupa.

Tulinunua la pili mwezi wa sita. Dogo, mlango mmoja, lita tisini, jipya, laki nne na thelathini. Halifiki hata kiunoni pangu. Kibandiko: T. Matumizi yaliyoandikwa: yuniti 146 kwa mwaka, yaani kama 12 kwa mwezi. Najua hizo zimepimwa maabara na siyo chumbani kwetu, na kweli mita yetu inasema karibu 20. Ni elfu saba na kitu. Linganisha na thelathini na nane. Kwa miezi kumi ya mwaka wa masomo tofauti inazidi laki tatu. Lile friji la "bei nafuu" lilikuwa linakula friji jingine kila mwaka, na hapo sijaweka mafundi wala dripu.

Kama mfuko unaruhusu mtumba tu, nunua, lakini nunua hivi. Mwambie muuzaji alizime siku ya kuamkia, au ulikute likiwa la moto. Nenda na chupa ya maji na kipimajoto, hata kile cha bei ndogo, ukae saa mbili au tatu. Usione aibu, ni hela yako. Kipimajoto kitumbukize ndani ya maji, usipime hewa, na maji uyaone yanaelekea nyuzi 5. Usikie kompresa inazima na kuwaka tena yenyewe. Bana noti kwenye mlango, uufunge, uivute: ikitoka bila ubishi, mpira umelegea. Angalia shaba karibu na kompresa kama kuna kuchomelewa kupya. Soma herufi, chini ya ST acha, na kwa Dar chukua T. Soma aina ya gesi. Ukiona R600a ujue ni gesi inayoshika moto: friji lenyewe halina shida, ila fundi wa kulichomelea awe anaijua kazi hiyo, na madirisha wazi. Halafu uliza swali ambalo hakuna anayeuliza: themostati ya hili nitaipata wapi? Friji la kuaminika ni lile ambalo fundi wa mtaani kwako anaweza kulifungua na spea akaipata. Jina lililoandikwa mlangoni halikusaidii saa sita usiku.

Uliza risiti ya EFD, iwe jipya au used, na mwombe aandike unachokinunulia. Ile karatasi ya ukutani ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" isikutishe sana. Wenzetu wa sheria watakwambia kwamba katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ukimjulisha mfanyabiashara kazi unayoitakia bidhaa na ukategemea ujuzi wake, kwa kawaida kuna sharti, hata lisipotamkwa, kwamba bidhaa iifae kazi hiyo. Sisi hatukuwa na risiti. Tulikuwa na picha tuliyopiga nalo.

Na kwa wenye dawa: insulini isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iweke rafu ya kati, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na sehemu ya barafu, pembeni yake uweke kipimajoto. Chupa inayotumika, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya friji karibu wiki nne mradi chumba kisiwe na joto kali. Kiwango cha joto kimeandikwa kwenye karatasi yake, kisome. Ikiganda, tupa. Hata kama ndiyo ya mwisho.

Namalizia kwa serikali yetu ya wanafunzi, maana ukurasa huu ni wao. Hosteli zinakataza friji vyumbani, na sipingani nazo. Nyaya zile zingewaka. Lakini kwenye hosteli hizo kuna wenzetu ambao sasa hivi dawa zao ziko kwa mama wa kantini katikati ya soda na samaki. Naomba friji moja dogo kwa kila hosteli. Herufi T, gadi, kipimajoto, daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni, na funguo kwa mlinzi wa zamu ili Jumapili isiwe siku ya kufungiwa dawa. Lisiwekwe soda. Gharama yake nimeshaitaja: laki nne na thelathini, na umeme wa elfu saba kwa mwezi. Fulana za kampeni za mwaka jana zilikula zaidi ya hapo, na nyingi sasa tunadekia nazo.

Atakayekwenda kulinunua kwa niaba yetu, naomba anipitie Changanyikeni. Nitamwazima kipimajoto.